Vyeo vya Kompyuta ya Sebuleni

Jumatatu, 12 Agosti

Mama kapiga simu kutoka Yeosu. Sauti yake bado ina nguvu. Niliishika simu mbali na sikio na bado mke wangu alisikia kila neno kutoka jikoni. Chuseok hii, sikukuu ya mavuno, Mama anatimiza miaka themanini. Anataka watoto wake wote wawepo asubuhi ya sikukuu, meza ya mababu ikiwa imeandaliwa. Wote! Akanikumbusha ya mwaka jana. Kama vile nimesahau. Mwaka jana nilikosa tiketi za treni, tukaenda kwa gari, na nchi nzima ilikuwa barabarani pamoja nasi. Mke wangu aliacha kuzungumza nami tulipofika Cheonan, hata nusu ya safari bado. Tulipoingia kwa Mama, mababu walikuwa wamekwisha kula na vyombo vimeoshwa.

Kisha Mama akasema neno lililonichoma. "Man-su mwanangu, kwani ukimwomba Seong-tae akukatie tiketi utapungukiwa na nini?"

Seong-tae! Mume wa dada yangu Man-hui. Anakaa hapa hapa Incheon, jengo la tatu kutoka letu, na ana kidole chepesi kuliko panzi. Kila mwaka tiketi zikifunguliwa mtandaoni yeye anapata, tena kiti cha dirishani, halafu anatuma picha kwenye kundi la familia na maneno mawili: "Bahati tu."

Bahati tu! Mtu mzima!

Mimi Tak Man-su ndiye mtoto wa kwanza. Siombi. Tiketi zinafunguliwa Jumatano ya wiki ijayo, saa moja kamili asubuhi. Nitakata mwenyewe.

Jumanne, 13 Agosti

Nimegundua kwa nini nashindwa. Nilisoma kiwandani kwetu, tunakotengeneza zipu, wakati wa chakula.

Kumbe kompyuta haifanyi jambo moja. Ndani yake mna programu chungu nzima, zote zimejipanga zikimlilia bwana mmoja azihudumie. Na bwana huyo hazihudumii sawasawa. Anaangalia kipaumbele. Yaani anaangalia cheo! Mwenye cheo anapita mbele, asiye na cheo anasubiri na bahasha yake mkononi. Hakuna mtu anayeielewa hali hiyo kuliko mimi, naibu mkuu wa kitengo tangu binti yangu So-dam yuko shule ya msingi.

Basi miaka yote hii kivinjari changu, kile kinachonifungulia kurasa za mtandao, kimekuwa karani tu. Ningepataje tiketi?

Kuna programu ya bure ya kupandisha na kushusha vyeo hivyo. Inaitwa Mpangafoleni. Nimeiweka jioni hii kwenye kompyuta ya sebuleni. Kusema kweli kompyuta hiyo ni ya So-dam, tuliinunua alipoingia chuo cha filamu za katuni. Inakaa sebuleni kwa sababu inatoa joto kama sufuria ya wali na chumba chake hakina hewa.

Nimefungua orodha. Ajabu! Programu mia na zaidi, kila moja na jina lake, cheo chake, na kiasi cha nguvu inachokula. Nikatafuta nani anakula zaidi. Nikampata. Anaitwa "Mfumo Usio na Kazi". Anakula asilimia tisini na sita!

Asiye na kazi ndiye anakula karibu chungu chote! Nilisimama. Nilimwita mke wangu Bok-sil aje aone. Akaangalia, akasema anamkumbusha mtu. Sikumuuliza nani.

Nimejaribu kumshusha cheo. Mashine imekataa, eti sina ruhusa. Bila shaka ana jamaa yake huko juu.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya taifa. Nimetundika bendera barazani. Seong-tae na Man-hui wamekuja na tikitimaji kubwa kupita kiasi. Hata tunda lake ni la kujionyesha.

Akakaa kwenye mto wangu wa kukalia. Akaniambia kwa adabu zote, mikono miwili magotini, kwamba mwaka huu yuko tayari kunikatia tiketi, nisijisumbue na umri huu. Umri huu! Nimemzidi miaka minne tu. Nikamwambia asante, mwaka huu nina teknolojia. Nikamwonyesha Mpangafoleni. Nikamweleza kwamba kivinjari changu kimepandishwa hadi cheo cha "Juu", na kwamba Jumatano kitapita mbele ya nchi nzima.

Alitazama skrini kwa muda. Akatema mbegu ya tikitimaji kiganjani, akasema, "Lakini shemeji, hicho cheo ni cha humu ndani ya nyumba yako tu. Foleni ya treni iko kule kwao. Kule hawajui kivinjari chako ni naibu au ni mfagizi."

Wivu. Nilimwona wazi.

Walipoondoka nikafanya usafi wa orodha. Nikashusha kila programu yenye jina nisilolielewa. Zilikuwa nyingi. Baada ya hapo Bok-sil akaketi kuangalia mashindano yake ya waimbaji kwenye kompyuta, na mwimbaji anayempenda akaanza kutoa sauti kama samaki anayekaangwa. Kumbe mmojawapo wa niliowashusha ndiye anayeshika sauti. Bok-sil akaipiga spika kofi. Kisha akaipiga tena. Akasema vitu vya siku hizi havidumu.

Nilikubaliana naye.

Ijumaa, 16 Agosti

So-dam amerudi kutoka chuoni, macho mekundu, nywele amezifunga kwa penseli. Filamu yake ya kuhitimu imekamilika. Inamhusu pweza mwenye saluni, kila mkono na mkasi wake. Alituonyesha kipande. Kuna mahali pweza anamnyoa kasa mzee ambaye hana hata unywele mmoja, na anafanya kwa taratibu sana asimvunje moyo. Bok-sil alifuta macho kwa aproni. Mimi niliwasha feni.

Sasa kilichobaki ni kupika picha, ndivyo wanavyosema wenyewe. Kompyuta inazichora upya picha zote moja moja, zikiwa na mwanga na vivuli vyake. Maelfu ya picha. Inachukua siku kadhaa bila kupumzika. Na filamu lazima ifike chuoni Jumatano saa sita mchana. Ikichelewa, hahitimu mwaka huu. Mlango unafungwa, na profesa wake si mtu wa kubembelezwa.

Akabonyeza kitufe. Akanigeukia mimi. Si mama yake. Mimi.

"Baba, nakuomba. Usiiguse mashine mpaka iishe."

Nikamwahidi kwamba mkono wangu hautaigusa mashine.

Nikachungulia Mpangafoleni kwa mbali. Yule mvivu asiye na kazi ameanguka hadi sifuri! Kwa siku moja! Amesikia mwenye nyumba yuko macho.

Jumamosi, 17 Agosti

Sikuigusa mashine. Niligusa kipanya, ambacho kimeunganishwa na waya mrefu.

Ilikuwa lazima. Kuna programu ya mazoezi ya kukata tiketi, watu wanaitumia sana msimu huu. Inaumba foleni ya watu bandia laki moja na wewe unashindana nao. So-dam alikuwa amelala, maskini, na Bok-sil yuko sokoni. Nikaifungua. Ikatambaa! Nilibonyeza "Busan" nikasubiri kama ninaposubiri lifti ya jengo letu. Nikatazama orodha: filamu ya pweza inakula kila kitu. Kila kitu! Hawa wasanii.

Nikaishusha filamu hadi "Chini Kabisa". Kwa muda tu. Mazoezi nikayapa "Juu". Mara kila kitu kikaruka! Nilikata tiketi ya Busan, Gwangju, Mokpo, Yeosu. Niliwashinda watu bandia sabini elfu. Nilipiga kelele ya furaha nikajiziba mdomo.

Kisha nikasikia ufunguo wa Bok-sil mlangoni. Nikaificha ile programu chini ya skrini, nikachukua gazeti. Nililishika kichwa chini miguu juu. Hakuuliza. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu ndoa yetu.

Jumapili, 18 Agosti

Zahama.

So-dam ameamka akakuta pweza yuko palepale alipomwacha jana. Mkasi hewani. Filamu imesogea kidogo mno, karibu si kitu. Akasema haiwezekani. Akasema labda ni joto. Bok-sil akaleta barafu ya kuwekea samaki akaifunga kwenye taulo, akaiweka pembeni ya mashine. Nikapewa kazi ya kushika feni ya mkono na kuipepea. Niliipepea kwa moyo wote.

Nilikuwa nimeshaelewa. Wale watu laki moja wa bandia! Sikuwafunga, niliwaficha tu. Usiku kucha wamekuwa wakigombania tiketi za bandia kwa cheo cha "Juu", na pweza wa mwanangu yuko nyuma yao, "Chini Kabisa", anangoja makombo.

So-dam akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, taratibu, kwamba miaka minne yote, na sasa mashine imemchoka.

Hapo nilijisikia vibaya. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nilijisikia vibaya sana.

Nikamwambia aende akanawe uso, baba yake yupo. Alipoingia bafuni nikawafukuza watu laki moja na kuirudisha filamu "Kawaida". Pweza akaanza kukata nywele tena! So-dam alipotoka akaona namba zinapanda, akanikumbatia na taulo lake shingoni. Akasema, "Baba, feni yako imefanya kazi!"

Nikasema nimefanya nilichoweza.

Kwa hesabu yake sasa itaisha Jumatano asubuhi, saa tatu hivi. Bado kuna nafasi. Lakini Jumatano asubuhi ni saa yangu pia! Mashine moja, wenye haja wawili.

Jumatatu, 19 Agosti

Leo kiwandani wamemtangaza mkuu mpya wa kitengo. Si mimi. Ni Hwang, niliyemfundisha kushika kalamu. Mkurugenzi alinipiga bega akasema kila mtu ana nafasi yake. Tukala tambi za baridi kumpongeza, na mimi ndiye niliyezikata za wote kwa mkasi, kazi ya mdogo wa meza.

Nyumbani sikumwambia mtu. Nikakaa mbele ya orodha ya Mpangafoleni. Humu angalau mimi ndiye mkurugenzi.

Jumanne, 20 Agosti

Juu ya cheo cha "Juu" kuna kingine. Sikuwa nimekiona. Kinaitwa "Papo kwa Papo". Ukikisogelea linatokea onyo jekundu kwamba programu yenye cheo hicho haitampisha yeyote, na kwamba huenda mashine isikusikilize tena.

Onyo hili wamewaandikia watu wa kawaida.

Mpango: kesho saa moja kamili, kivinjari kinapanda "Papo kwa Papo". Kinapita. Nakata tiketi. Kinashuka. Pweza hatajua kama kuna mtu alipita.

Bok-sil ameuliza kwa nini nisitumie simu kama watu wengine wote. Nikamweleza kwamba akaunti ni moja, ukiingia kwa simu na kompyuta kwa pamoja wanakutoa kote kuwili, na kwamba mimi si mtu wa kupigana kwa kidole gumba. Ameuliza pia kwa nini nimeipiga pasi ile suti ya harusi. Nimemwambia kuna mambo mtu hayafanyi akiwa na fulana.

Seong-tae ameandika kwenye kundi la familia: "Kesho tukutane dirishani, shemeji!"

Tutakutana.

Jumatano, 21 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa bafuni. Ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayenitazama.

Nilianza vizuri. Suti, tai, kikombe cha kahawa ya shayiri. So-dam alikuwa anapiga mswaki. Filamu imebakiza kidogo tu, tukio la mwisho, pale pweza anaponyoa bahari nzima kwa mikono yote minane. Saa moja kamili ukurasa ukafunguka. Ukaniambia kwamba mbele yangu kuna watu laki mbili na ushee.

Nikatabasamu. Nikabonyeza "Papo kwa Papo". Onyo jekundu. Nikabonyeza "Ndiyo".

Kipanya kikasimama.

Nikakitikisa. Nikakiinua nikakipuliza tumboni. Nikabonyeza kibodi, herufi moja, kisha zote. Hakuna. Saa ya kwenye skrini imeganda saa moja kamili. Laki mbili na ushee wameganda. Feni ya mashine ikaanza kulia, kwanza kama nyuki, kisha kama ndege inayotaka kuruka na sofa letu.

So-dam akatokea, povu mdomoni. "Baba, mbona inalia hivyo?"

"Inafanya kazi kwa bidii."

"Umegusa mashine?"

"Mashine sijaigusa."

"Umegusa nini basi?"

Nikatazama tai yangu.

Bok-sil naye akaja, mwiko wa wali mkononi. So-dam akabonyeza hiki na kile. Akajaribu njia zote anazozijua, na anazijua nyingi. Mwishowe akashikilia kitufe cha kuzimia mpaka skrini ikawa nyeusi. Akaiwasha tena. Picha zilizokwisha kupikwa zipo, Mungu ni mwema. Lakini tukio la mwisho lilikuwa linapikwa kwa mkupuo mmoja, na lote limepotea. Lianze upya. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena.

"Haifiki," akasema. "Saa sita haifiki. Yaani kama isingekwama ile Jumamosi, ingekuwa imeisha tangu jana."

Nilitaka kumfariji. Hilo ndilo nataka lieleweke. Nilitaka tu kumfariji.

"Lakini Jumapili si niliirudisha kawaida!"

Wali ulikuwa unaungua jikoni, hakuna aliyekwenda.

"Uliirudisha kutoka wapi, Baba So-dam?" akauliza mke wangu. Polepole. Neno kwa neno.

Nikajieleza. Kadiri nilivyojieleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Nilipofika kwenye watu laki moja wa bandia, Bok-sil aliweka mwiko chini, na nikajua ni kwa ajili ya usalama wangu.

So-dam hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua simu akampigia Seong-tae, akaweka sauti wazi ili mikono ibaki kwenye kibodi.

"Anko, uko kwenye foleni?"

"Niko, niko! Usiniongeleshe sana mwanangu, mbele yangu wamebaki mia mbili tu. Nalinusa hilo dirisha! Mwambie baba yako..."

"Anko, filamu yangu imekufa. Saa sita ndiyo mwisho. Nahitaji mashine ya pili. Nahitaji yako. Sasa hivi."

Tukasikia sauti ya dada yangu huko nyuma: "Seong-tae! Seong-tae, usithubutu, tumebakiza mia mbili!"

Kisha tukasikia mlio wa plagi ikichomolewa ukutani.

Alifika akiwa na ndala za bafuni na bukta, mashine ameifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga, waya zinaburuta nyuma. Lifti ilikuwa imejaa, alipanda kwa ngazi. Jasho linamtiririka. Akaniangalia, suti, tai, viatu vya ndani.

"Shemeji, nani anaoa?"

Hakungoja jibu. So-dam aligawa tukio katikati, mikono minne ya pweza kwenye mashine yetu, minne kwenye ya Seong-tae. Waliinama pale wawili, wakiongea ile lugha yao. Bok-sil alishika barafu. Mimi nilijitolea kushika feni, wakakataa wote watatu kwa pamoja.

Filamu iliondoka saa sita ikikaribia kugonga. So-dam akangoja mpaka chuo kikajibu kwamba imefika. Kisha akamwinamia Seong-tae mpaka paji la uso likagusa zulia. Seong-tae akajikuna shingo, akasema mbona hayo makubwa, akaomba maji. Alikunywa bilauri tatu. Akatazama simu yake. Tiketi za Yeosu zimekwisha. Zote. Hata za kusimama.

Kwa hiyo mwaka huu na yeye hana tiketi.

Sare!

Sikulisema. Nililifikiri tu, na nilijiona mtu mbaya kwa muda mfupi.

Mchana So-dam alikuja akaketi karibu nami. Akauliza, bila hasira, kwa nini sikumwambia tu kuwa naitaka mashine kwa dakika chache. Filamu inasimamishwa kwa kitufe kimoja. Unasimamisha, unakata tiketi, unaendelea. "Kitufe kimoja, Baba. Ningekibonyeza mimi mwenyewe, tena ningekaa na wewe."

Nilimwambia kwamba maendeleo yana gharama zake. Akaondoka. Nikaja huku bafuni.

Alhamisi, 22 Agosti

Aliyempigia Mama kumweleza ni Man-hui. Nadhani hakupunguza chochote.

Mama amenipigia. Nilijiandaa kwa lolote. Nikamwambia nitakuja kwa gari, nitaondoka siku moja kabla, nitaondoka siku mbili kabla. Akaniambia ninyamaze.

"Nyote mnagombania treni za kuja huku," akasema. "Za kwenda huko kwenu sikukuu hiyo ziko tupu. Nani mwenye akili anakwenda mjini Chuseok? Nakuja mimi. Nimeshakwenda stesheni na miguu yangu, nimeongea na binti wa dirishani, kanipa kiti. Kaniuliza nataka wapi, nikachagua."

Nikamuuliza mababu je. Akasema mababu walivuka vita kwa miguu, Incheon haitawashinda.

Nilifurahi! Mama nyumbani kwangu! Mtoto wa kwanza! Nikaanza kumweleza kuhusu chumba, godoro jipya, upande wa jua.

"Nitalala kwa Seong-tae," akasema. "Nimeyasikia ya pweza."

Jumamosi, 24 Agosti

Nyumba imetulia. Bok-sil ananiongelesha tena, hasa kuhusu takataka. So-dam amecheka leo asubuhi kwa kitu nilichosema, ingawa nilikuwa sichekeshi. Chuo kimempigia, profesa asiyebembelezeka ametazama filamu mara mbili na kuuliza kama yule kasa ni mtu anayemfahamu. Wanamwomba aongeze ukubwa wa sauti tu, apeleke kesho.

Kompyuta yake ameifunga kwa neno la siri. Sikukasirika. Nimejaribu majina yote ya familia kisha nikaacha.

Lakini nimepata muda wa kutafakari kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lazima mtu akubali kosa lake. Nilipandisha programu moja. Moja tu! Kivinjari nikakipa cheo cha juu kabisa, na kipanya, maskini, nikakiacha karani. Kipanya kingepitaje? Kibodi ingepitaje? Ulikuwa uonevu mtupu. Mimi, katika watu wote, ambaye najua uchungu wa kuachwa nyuma!

Mashine ya Seong-tae bado iko sebuleni. Ndiyo inayotengeneza ile sauti ya filamu. Yeye ataichukua kesho jioni, Jumatatu ana kazi zake humo. Haina neno la siri. Mtu asiye na la kuficha, naona. So-dam na mama yake wameenda kumnunulia Seong-tae zawadi ya shukrani. Na mimi je? Nami si nina deni la shukrani kwake? Kanifaa, na mimi nimfae.

Nimemwekea Mpangafoleni. Nimezipandisha programu zake zote "Papo kwa Papo", moja baada ya nyingine, bila upendeleo. Zilikuwa nyingi, na kila moja ilileta lile onyo jekundu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kidole kimeniuma. Sasa humo ndani hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna wa kumsubiri mwenzake. Sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kulifikiria hili.

Feni imechangamka sana. Na kipanya kimetulia tuli, hata nikikisukuma hakisogei. Kimeridhika.